Manyara Ranch kwa macho ya bwana mifugo

Miaka yangu yote ya kazi, mnyamapori kwangu alikuwa jambo la kuandikia taarifa. Nyati wameshuka, wameacha kupe. Nyumbu wamezalia karibu na malisho, wafugaji waambiwe. Fisi kaingia zizini kwa fulani, nenda kaangalie kilichobaki. Sikuwahi kukaa nikamtazama mnyama wa porini kwa kumtazama tu, bila kuwaza chanjo. Sasa nimestaafu, muda upo, na mpwa wangu ni dereva wa watalii hapa Arusha. Februari hii gari lake lilikuwa limelala. Akaniambia, "Anko, twende basi hata siku moja. Utakufa hujaiona Serengeti."

Nikamuuliza mafuta ya Serengeti ni ya nani. Kama ni kutembea, anipeleke Manyara Ranch.

Alicheka sana. Wageni wake wanaipita ranchi ile wamesinzia, wakitoka Tarangire kwenda Ngorongoro. Wakizinduka wakaona ng'ombe wanajua hapa hakuna kitu, wanalala tena. Mimi ndiyo sababu hasa niliitaka. Nilitaka kuona pundamilia mahali ambapo na ng'ombe yupo, kwa sababu ng'ombe ninamjua, na kwa kumtazama yeye labda ningewaelewa wale wengine.

Kwa asiyelijua eneo: ranchi iko wilaya ya Monduli, imekaa kati ya hifadhi mbili. Kusini kuna Tarangire, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Magharibi kuna Ziwa Manyara, yenyewe ya 1960. Wanyama hawajui mipaka hiyo, wanakwenda na kurudi kwa kupitia ushoroba wa Kwakuchinja, na ranchi ni kipande kikubwa cha njia yao. Zamani ilikuwa ya walowezi wafuga ng'ombe, baadaye ikawa ranchi ya serikali. Mwaka 2001 ikakabidhiwa kwa mfuko wa hifadhi ya ardhi ulioanzishwa kwa msaada wa AWF, shirika la uhifadhi wa wanyamapori Afrika, kwa masharti kwamba ng'ombe wabaki na wanyamapori wapite. Vijiji vya jirani ni Esilalei na Oltukai, wakazi wengi ni Wamaasai. Palikuwa na shule ya msingi iliyokaa katikati ya njia ya wanyama, ikahamishwa, ikajengwa upya pembeni. Fikiria mtoto anakwenda namba asubuhi na tembo naye anakwenda zake.

Tuliondoka Arusha bado giza, tukanywa chai Makuyuni, chapati zile nene za njia panda, na jua lilipochomoza tulishaingia ranchini tukiwa na askari mmoja wa doria. Kwenye ranchi mtu anaruhusiwa kushuka na kutembea kwa miguu akiwa na askari, jambo ambalo hifadhini si la kawaida. Mpwa wangu alizima gari karibu na mbuyu uliokuwa umechunwa gamba na tembo mpaka usawa wa mkono wao, tukaanza kutembea.

Cha kwanza nilichokiangalia ni majani. Mpwa ananiita huku ananionyesha ndege karani tamba anayepiga hatua kama mwenye ofisi, mimi nimeinama nimeshika nyasi. Vuli ilikuwa imenyesha vizuri. Nyasi ndefu zilikuwa upande wa korongo, fupi upande wa uwanda, na unaona wazi nani amekula nini. Pundamilia wako kwenye zile ndefu zenye mabua. Pundamilia hacheui. Chakula kinapita haraka, anakula kingi hata kama ni kibaya, na meno yake ya mbele ya juu na chini yanakata bua bila shida. Nyumbu anacheua kama ng'ombe, kwa hiyo anachagua. Anataka jani fupi, laini, lililochipua baada ya mwenzake kuondoa lile bua. Swala tomi wanamalizia vinavyobaki chini kabisa, kwa mdomo mwembamba. Hayo niliyasoma chuo cha mifugo Tengeru nikiwa kijana, nikayajibu kwenye mtihani, nikayasahau. Pale nilikuwa nayaona yametandazwa mbele yangu, makundi matatu kwenye uwanda mmoja, hakuna anayemsumbua mwenzake.

Na ng'ombe? Swali hilo nilibishana nalo kazini miaka na miaka. Wafugaji wanasema punda wa porini wanawamalizia majani. Watu wa uhifadhi wanasema ng'ombe ndio wanaomaliza. Kuna utafiti uliofanyika Laikipia, Kenya, ukachapishwa mwaka 2011, ambao ulinifanya nishushe sauti kidogo. Waliweka ng'ombe kwenye maeneo yenye wanyamapori na yasiyo na wanyamapori, wakawapima uzito. Kiangazi, ng'ombe waliokaa na wanyamapori walipungukiwa kuliko wenzao. Masika, waliokaa na wanyamapori waliongezeka zaidi, kwa sababu wale wengine walikuwa wameondoa mabua makavu na kuacha jani zuri. Kwa hiyo mfugaji anayelalamika mwezi wa tisa ana haki, na mtu wa uhifadhi anayejisifu mwezi wa nne naye ana haki. Kila mmoja anapimia msimu wake.

Nyumbu walikuwa wanazaa. Nilikuwa nimejua tutawakuta, ndiyo maana nilikubali Februari, lakini sikujua nitaguswa namna ile. Wakati wa mvua sehemu kubwa ya nyumbu wa Tarangire hutoka nje, wengine kwenda tambarare za Simanjiro, wengine kaskazini kuelekea Gelai na Ziwa Natron, na wengine huzalia hapo hapo ranchini. Tulisimama mbali. Jike mmoja alilala, akainuka, akalala tena, akasukuma. Nimezalisha ng'ombe wengi sana, usiku, kwa tochi, mkono umeingia mpaka begani, kwa hiyo mwili wangu wote ulianza kufanya kazi bila kuombwa. Mpwa anasema nilikuwa nanong'ona "sukuma mama, sukuma." Ndama akaanguka. Nikatazama saa kwa mazoea. Ndama wa ng'ombe ukimpa nusu saa au zaidi ya kusimama humlaumu. Huyu hakufikisha dakika kumi: alijaribu akaanguka na pua, akajaribu miguu ikapishana, kisha akasimama na kuanza kutafuta titi mahali ambapo halipo, kwenye mguu wa mbele wa mama yake. Muda mfupi baadaye alikuwa anakimbia naye. Fisi alikuwepo, upande wa kushoto, amelala na kichwa juu ya miguu ya mbele, haonyeshi haraka yoyote.

Hapo ndipo bwana mifugo alipomrudia mtazamaji. Ndama yule mzuri ndiye hatari kubwa kuliko simba kwa ng'ombe wa Esilalei. Nyumbu hubeba kirusi ambacho yeye mwenyewe hakimdhuru. Ndama wao hukitoa kwa kamasi na machozi katika miezi yao ya kwanza mitatu hivi. Ng'ombe akikipata, homa inapanda, kamasi nzito zinatoka, tezi zinavimba, macho yote mawili yanaota utando mweupe kutoka pembeni kwenda katikati, na karibu kila anayeugua anakufa. Dawa ya kutibu hakuna. Wamaasai walilijua hili kabla hatujazaliwa sisi wenye vyeti. Wao walisema linatoka kwenye kondo la nyuma la nyumbu. Maabara ikaja kusema ni pua na macho ya ndama zaidi. Lakini uamuzi ni ule ule: nyumbu akizaa, mwenye ng'ombe anahama. Kwa hiyo mfugaji anawaachia nyumbu malisho bora ya mwaka mzima, yale ya baada ya mvua, na hakuna anayemlipa kwa hilo. Nimeshaandika kwenye taarifa zangu mara nyingi kwamba "wafugaji wamehamisha mifugo kwa hiari." Hiari gani.

Ng'ombe tuliwakuta kama saa nne, upande mwingine kabisa, kwenye migunga. Walikuwa wa kijiji, zebu wenye damu ya Boran ndani yao, manundu yamesimama, wamependeza. Yangeyange walikuwa miguuni mwao wakiokota panzi. Layoni wawili, wavulana wasiotahiriwa bado, waliokuwa wakichunga walikuja wakainamisha vichwa, nikawagusa utosini, mpwa wangu naye akafanya hivyo hivyo kwa aibu kidogo maana amezoea kusalimiwa kwa "jambo". Mzee wao alikuwa chini ya mti anaongea na simu kwa sauti, habari za bei ya dume kwenye mnada wa Meserani. Tulisubiri amalize. Alimaliza kwa hasira, bei haikumpendeza.

"Supai."

"Ipa. Mmekuja kuangalia wanyama?"

"Tumekuja kuangalia wanyama, mzee. Na ng'ombe."

"Ng'ombe mtu anakuja kuangalia?" Akamgeukia askari, wakasemezana Kimaasai, akanirudia. "Huyu anasema wewe ni daktari."

Nikajua matembezi yameishia hapo. Kijijini bwana mifugo ni daktari, na daktari hastaafu. Kulikuwa na mtamba mmoja jicho linatiririka, mzee ana wasiwasi ni ule ugonjwa wa nyumbu. Layoni wakamshika, mmoja masikio, mmoja mkia. Nikampima kwa mkono chini ya taya na begani, tezi ziko sawa. Pua safi, haina kamasi. Anacheua. Jicho lililoumwa ni moja tu, limevimba, lina doa dogo jeupe katikati, si pembeni. Nikamwambia mzee hili ni la vumbi na nzi, linaambukiza lakini halimuui. Amtenge na wenzake, amweke kivulini, atafute marhamu ya jicho duka la mifugo Makuyuni. Mpwa wangu alikuwa amekaa juu ya boneti, darubini shingoni, anatazama saa.

Lakini wageni wa mpwa hawapati alichotupa mzee baada ya hapo. Alituonyesha kwa fimbo alalili yao, malisho waliyoyafunga tangu mvua zianze ili ndama na ng'ombe wagonjwa wapate pa kula kiangazi kikikaza. Hakuna waya wala ubao, kuna makubaliano tu na faini kwa atakayeingiza mifugo. Na ndani ya alalili ile, majani yakiwa yamefika magotini, walikuwemo pofu, wale swala wakubwa, na swala granti, wametulia kabisa. Nikamuuliza mbona hawafukuzwi. Akasema, "Pofu hana kijiji cha kumtoza faini." Kisha akaongeza kwamba mwezi wa nane tukirudi tutakuta anawafukuza.

Babu yake, alisema, alizaliwa baada ya Emutai, ule wakati Wamaasai na ng'ombe wao walipoangamia. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Sotoka ilipoingia nchi hizi mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua karibu ng'ombe wote, ikaua nyati na nyumbu pia, na njaa na ndui vikamalizia watu. Mwaka 1997 ilijitokeza tena huku kaskazini mwa Tanzania. Tulichanja usiku na mchana, wengine tulikuwa hatujawahi kuiona zaidi ya kwenye picha za kitabu. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru nayo, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa baada ya ndui. Makundi yale ya nyumbu ambayo watalii wanayalipia dola, sehemu kubwa ya hadithi yake ni sindano za ng'ombe: Serengeti, ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa na sotoka ikakatika mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu wakapanda kutoka laki mbili na kitu mpaka kupita milioni moja ndani ya miaka kumi na mitano hivi. Nikimwambia mpwa wangu awaeleze wageni wake hilo anasema wageni wanataka simba.

Simba hatukumwona. Tuliona nyayo zake kwenye mchanga wa korongo, za asubuhi ile ile, pana, bila alama za kucha. Inatosha.

Mchana kulikuwa na joto na hakuna cha kusimulia. Tulikula wali tuliobeba, tukalala chini ya mgunga, siafu wakatuamsha.

Saa tisa ndipo tulipokutana na twiga. Alikuwa peke yake, dume, rangi imekolea, amesimama mahali pasipo na mti hata mmoja, na taya linakwenda. Nikachukua darubini. Kulikuwa na kitu cheupe kinachogeuka mdomoni, kinatokeza upande huu, kinarudi, kinatokeza upande ule. Ulikuwa mfupa, wa mguu wa nyumbu kwa ninavyokisia. Mpwa wangu akasema ameshawahi kuona mara chache, na wageni huwa hawaamini.

Mimi niliamini mara moja, kwa sababu nimewaona ng'ombe wakifanya hivyo maisha yangu yote. Ng'ombe akikosa fosforasi anatafuta mifupa, anaitafuna, analamba mawe, anakula hata kitambaa. Ukiona hivyo kijijini unamwambia mfugaji alete jiwe la chumvi lenye madini. Twiga hana wa kumletea jiwe. Na hapo ndipo safari nzima ya nyumbu ilipokaa sawa kichwani mwangu. Watu hudhani wanahama kutafuta maji, lakini mto wa Tarangire haukauki, maji wanayo. Wanaondoka wakati wa mvua, wakati ambao maji yako kila mahali. Watafiti walipopima nyasi waligundua kwamba zile za ndani ya hifadhi hazina fosforasi ya kumtosha jike anayenyonyesha, na za tambarare za nje zinayo. Jike anafuata madini ya maziwa. Akizuiwa njiani, hifadhi itabaki na uzio mzuri na ndama dhaifu.

Sasa simama kwenye barabara ya kwenda Babati, utazame kusini magharibi. Kile kiwanda ni Minjingu. Kinachimba fosfeti (mwamba wenye fosforasi), iliyotokana na mabaki ya ndege wa ziwa wa enzi hizo, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko sasa, na kinatengeneza mbolea. Magunia yanapakiwa kwenye malori, malori yanapita barabara ile ile ambayo nyumbu wanaivuka kwenda kutafuta fosforasi. Sijui nani wa kumsimulia kichekesho hicho. Nimewasimulia ninyi.

Tembo walikuja lamboni jua likiwa limepungua, ng'ombe wakiwa wameshaondoka. Nilimuuliza askari kama ni bahati. Akasema hapana, ndivyo wanavyogawana: ng'ombe mchana, tembo jioni na usiku, na layoni akichelewa kuwatoa ng'ombe anapigwa na baba yake, si na tembo. Walikuwa majike na watoto, wanapita moja kwa moja, yangeyange juu ya migongo yao, bila shaka baadhi ni wale wale wa asubuhi. Nilikwenda kwenye kinyesi chao badala ya kupiga picha. Kinyesi cha tembo kinakuonyesha alivyo mvivu wa kumeng'enya: nyuzi ndefu nzima, mbegu za mgunga nzima, zaidi ya nusu ya alichokula kinatoka hivi hivi. Mpwa wangu akasema hajawahi kupata mgeni anayefumbua kinyesi kwa kijiti huku anatabasamu.

Kabla ya kutoka, mzee alituelekeza tupite bomani kwake tuone zizi lake jipya. Ni lile wanaloliita boma hai, lililoanzia Simanjiro: badala ya miiba mikavu inayooza kila mwaka, unapanda nguzo mbichi za mti unaochipua ukikatwa, unazungushia waya wa nyavu, nguzo zinaota mizizi na matawi na ukuta unazidi kuwa mgumu. Nilizipiga nguzo teke. Imara. Mzee alisema tangu ajenge fisi wanazunguka tu, na simba akija mbwa wanabweka lakini yeye haamki. Sikumwamini hilo la kutoamka. Mkewe alitupa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa, na alipokunywa mpwa wangu, ambaye hunywa maziwa ya pakiti, alijitahidi.

Kama una mpango wa kwenda: nenda kati ya Januari na Machi mwanzoni kwa ajili ya ndama, au mwezi wa nane ukitaka kuona tembo wengi na wafugaji wakali. Uliza mapema utaratibu wa kuingia na askari wa kutembea naye. Usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wa upande ule wanazipenda rangi hizo, na mitego yao tunaishona kwa vitambaa hivyo hivyo.

Juzi mzee alinipigia. Jicho la mtamba limefunguka, doa limebaki dogo, dume amemuuza Meserani kwa bei aliyoitaka. Halafu akaniuliza kuhusu mbuzi wake wanaokohoa, na tukaongea mpaka salio lake likakatika, nikampigia mimi.